Kibao cha Mama Kisimani

Kaka yangu mkubwa aliniambia mbele za watu kwamba namkatia mama yetu thawabu. Nikamwambia nakata, tena leo leo, na nyundo hii hapa.

Kisima tulikichimba sie wanawe baada ya mama kufariki, kikawa sadaka yake ya kudumu. Pampu ya umeme, mabomba mawili nje ya ukuta wetu huku Mbagala, na juu yake kibao cha marumaru chenye jina lake. Kila anayekunywa, thawabu zinamfikia mama kaburini. Ndivyo tunavyoamini, na mie bado naamini.

Ubavuni kwetu, ukuta kwa ukuta, kuna yadi ya watu wanaopasua betri kuukuu za magari na kuyeyusha madini ya risasi yaliyomo. Maji ya betri wanamwaga hapohapo mchangani. Sie tulikuwa tukilalamikia moshi tu. Maji nani angeyashuku? Meupe pee, wala hayana chumvi kama ya visima vingine.

Halafu binti mdogo wa mpangaji wangu wa uani akaanza kusokotwa na tumbo. Akapauka, akaacha kucheza, hata maneno aliyokwisha kuyajua yakaanza kumpotea. Mama yake aliambiwa achemshe maji, akachemsha. Hali ilipozidi akachemsha zaidi, mpaka sufuria inabaki nusu. Nikawasindikiza hospitali, na daktari nilimsikia kwa masikio yangu: damu ya mtoto ina risasi. Moto unaua vijidudu, risasi hauigusi. Maji yanapungua, yenyewe inabaki. Inaharibu ubongo wa mtoto, na kilichoharibika pengine kisirudi. Nikapeleka chupa ya maji yetu maabara, majibu yakawa yaleyale.

Kaka akaja kutoka Kigamboni. Nilimwamkia shikamoo, nikampa kiti, nikamkatalia. Yeye alitaka tuseme pampu imeungua, yaishe kimyakimya, jina la mama lisichafuke.

"Ukisema pampu imeungua, fundi ataitwa kesho," nilimwambia. "Na huyo mtoto wa uani? Na wengine waliokunywa, watajuaje kwamba wakapimwe?"

"Wewe mwanamke una kichwa kigumu!"

"Nimekirithi kwa mama."

Asubuhi nikatoka nje, kaka nyuma yangu, watu wamejaa na ndoo zao. Nikawaambia yote, bila kuficha. Wapeleke watoto wakapimwe, na wasidanganyike na kuchemsha. Wengine walilia, mmoja akanitukana, nikamwacha anitukane, ana haki yake. Wale wa yadi walichungulia ukutani wakicheka. Nikawaambia wacheke vizuri, kwa sababu kutoka hapo naenda serikali ya mtaa, na wakinifukuza huko nitapanda juu zaidi. Sina pa kukimbilia mie, hapa ndipo kwetu.

Nikazima pampu, nikang'oa nyaya. Nilipoinua nyundo kwenye kibao, ndipo kaka akanishika mkono na kusema hayo ya thawabu.

"Kaka, unamkumbuka mama akimpa mgeni maji?"

Anakumbuka. Mama alikuwa akichota kata, anapiga funda moja yeye kwanza, mgeni akimwona, ndipo anampa.

"Maji haya hakuyaonja," nikamwambia. "Wewe na mie ndio tuliowapa watu, kwa jina lake."

Akaniachia mkono. Nikagonga taratibu pembeni mpaka kibao kikatoka kizima. Kipo chini ya kitanda changu, na hakitoki mpaka yapatikane maji ambayo nitapiga funda mie kwanza, mtaa mzima ukiniona.