Saa Mbili kwa Wiki, Nyuma ya Ukuta wa Jikoni

Karatasi ilisema saa mbili kwa wiki. Mimi shule niliachia darasa la tatu, lakini mbili naijua na wiki naijua. Nikaona hiyo ni kazi ndogo kuliko kulisha kuku, nikatia sahihi.

Kazi yenyewe ni ya kujitolea. Kuna watu wazima ambao hakuna anayewasikiliza: mzee asiyesikia, mama asiyeona, mtu mzima ambaye akili yake haikukua pamoja na mwili. Wewe unaenda nao kwa chifu, hospitali, popote, unahakikisha wanaulizwa wao wenyewe, si jirani wala shemeji. Tulifundishwa siku moja pale Malaba kwenye ukumbi wa kanisa, tukapewa soda na keki. Mratibu wetu, msichana mpole mwenye miwani, alirudia mara nyingi kwamba tusiseme tunachotaka sisi, tuseme anachotaka yeye. Hapo nilikuwa macho. Walipofika kwenye mambo ya kujaza fomu nilikuwa nimesinzia, kwa sababu ya keki.

Nadhani nilichaguliwa kwa ajili ya mdomo. Nilibeba abiria kwa baiskeli pale mpakani miaka mingi kabla pikipiki hazijatufukuza barabarani, na kazi ile inakufundisha kuongea na karani, askari na mlevi, hata siku ambayo wote watatu ni mtu mmoja. Lakini hayo tuyaache.

Nikapewa mama mmoja mjane wa huko Moding. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, meupe kama maziwa ya mgando. Aliishi nyumbani kwa mpwa wa marehemu mumewe. Mwezi ule madaktari wa macho walikuwa waje Busia, siku tatu tu, na wakishaondoka hakuna ajuaye watarudi lini. Mama alitaka apasuliwe. Mpwa alisema macho ya mzee ni sawa na meno ya mzee, yakienda yameenda, na yeye ndiye aliyekuwa akijibu kila swali aliloulizwa mama. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa moja: siku hiyo mama aulizwe mwenyewe, kabla madaktari hawajafunga mizigo yao.

Sasa hapa ndipo nilipokosea. Huku kwetu ukikutana na mtu mara ya kwanza, hata kabla ya maji ya kunywa, unauliza ukoo. Baba yako ni nani, mama yako katoka wapi. Mimi na umri wangu wote huu sikuuliza. Nilikuwa nimejaa ile semina, nikamuuliza angependa nimsaidie nini, vile nilivyofundishwa.

Wiki tatu nikawa ninakwenda. Badala ya saa mbili nilikuwa ninashinda kutwa, maana mama yule anajua kusimulia kunishinda mimi, na hilo sisemi kwa urahisi. Nilimshika mkono nikampeleka uani. Tulikula ugali wa wimbi sahani moja. Siku ya kuchukua barua kwa chifu tulipanda pikipiki moja, yeye katikati, mimi nyuma nimemshika asianguke.

Nyumbani Adungosi nikawa ninamsimulia mke wangu. Mke wangu ni Mteso, mimi ni Mkhayo wa Busibwabo niliyehamia kwao. Nikamwambia yule mama ana kidole cha sita mkono wa kushoto. Akaweka mwiko chini.

“Umekijuaje?”

“Si nilimshika mkono.”

“Mzee, huyo ni mama yangu mdogo.”

Ni dada ya mama yake kwa mama mwingine. Walipotezana zamani, wakadhani aliolewa ng'ambo, upande wa Uganda. Na dada ya mama mkwe ni mama mkwe. Mama mkwe humshiki mkono, huli naye, hukai naye benchi moja. Ukimwona njiani unaingia kwenye mahindi ya watu mpaka apite. Mimi nilikuwa nimemkumbatia kiuno kutoka Moding mpaka kwa chifu, na njiani nilikuwa ninapungia watu mkono.

Nikaenda kwa mratibu kwa aibu. Yeye si wa huku. Alitafuta kwenye kitabu chake sheria ya mama mkwe, hakuipata. Akasema hana mtu mwingine wa kufika Moding, akaniuliza kama ninaacha. Zilikuwa zimebaki siku tisa madaktari wafike. Nilipomfikiria yule mpwa akijibu peke yake mbele ya daktari, nikasema siachi, ila nitafanyia kazi nyuma ya ukuta.

Ndivyo tulivyofanya. Mama alikaa jikoni, mimi nje nyuma ya ukuta, mke wangu mlangoni. Mimi nauliza, mke wangu anarudia, mama anajibu, mke wangu ananirudishia, na sisi wote watatu tumesikia tangu mwanzo. Ukuta wenyewe ni wa udongo na una tundu. Mama hakukasirika hata kidogo. Alimtuma binti yake, yaani mke wangu, aniambie kwamba mkwe anayekula vile, heri akae nje. Kwenye fomu ya saa nikaandika: kusimama nyuma ya jikoni, saa nne. Mratibu alipiga simu kuuliza kama ni makosa ya kuandika.

Siku ya madaktari tulikwenda kwa pikipiki mbili, mimi mbele, mama na mke wangu nyuma. Mpwa naye akaja, hakualikwa. Foleni ya hospitali ni ya mabenchi, mtu anasogea kwa makalio. Mama kila aliposogea akafika benchi langu ilibidi niinuke, nikakae mwisho kabisa. Watu wakaanza kunionea huruma, wakafikiri nina tumbo la kuhara.

Alipoitwa ndani nilizunguka nje, nikasimama dirishani, mgongo kwa dirisha. Nikamsikia muuguzi akimuuliza mpwa kama mama amekubali kupasuliwa. Mpwa akasema mama ni mzee, anaogopa, hataki. Nikakohoa. Nikasema, nikiuangalia mti wa mpera uliokuwa mbele yangu, kwamba mama yupo hapo na aulizwe yeye.

“Mzee, unaongea na nani?” muuguzi akauliza.

“Na wewe, dada. Siwezi kugeuka. Muulize mwenyewe.”

Halafu muuguzi akamuuliza, polepole, kwa jina lake.

“Nataka kuona,” mama akasema. “Miaka mitatu napewa mchuzi naambiwa ni samaki. Nataka nimwone huyo samaki.”

Watu wa foleni walicheka hadi mlinzi akaja. Mama akaweka dole gumba kwenye karatasi, na kabla ya saa sita alikuwa amepasuliwa jicho la kulia. Wanafanya moja moja. La pili mpaka warudi.

Asubuhi yake bandeji ikafunguliwa. Mimi nilikuwa pale pale dirishani, mgongo kwa dirisha, nimefumba macho kama mimi ndiye niliyepasuliwa. Muuguzi akauliza hivi ni vidole vingapi. Mama hakujibu. Nikashindwa kungoja, nikageuka.

Akawa ananiangalia mimi.

Nilivuta koti nikajifunika kichwa, lakini wapi. Mama akamgeukia mke wangu, sauti yake ikiwa ya kawaida kabisa.

“Mwambie mkwe wangu, kwa kile kikohozi nilidhani ni mtu mrefu.”

Halafu akamwambia muuguzi, “Vitatu.”

Nimeendelea kwenda Moding. Mpwa siku hizi anasalimia kwanza, na samaki wanaonekana. Mama amenitumia maagizo kupitia binti yake: nipite upande wa kushoto, upande wa jicho ambalo bado, hapo hatakuwa ameniona. Kwa hiyo naingia bomani kwa kuzunguka nyuma ya choo na zizi la ng'ombe, na hiyo peke yake ni nusu saa, naandika kwenye fomu. Madaktari wakirudi kwa jicho la pili nitasimama dirishani tena, nitahakikisha ameulizwa. Baada ya hapo sijui nitakuwa napita wapi.