Siku Muta Alipokataa Maji

Maji yanayochemka juu ya kuni za mbuni mzee wa kahawa yana harufu yake. Ni moshi kidogo, uchungu kidogo, na kitu kama udongo uliopigwa na mvua ya kwanza. Maji ya jiko la gesi hayanuki chochote. Lakini juma lililopita gesi iliniishia, nikakoka moto nyuma ya nyumba, na sufuria ilipoanza kutoa mvuke nilijikuta nimekaa juu ya tofali, mikono imelegea. Nilikuwa na umri wa miaka kumi tena, nipo kijijini kwetu Izigo, na mdogo wangu Muta amelala mapajani mwangu analia bila machozi.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa, miaka ambayo sisi watoto tulilima shuleni karibu sawa na tulivyosoma, na jioni bibi zetu waliingia katika madarasa yale yale kujifunza a, e, i, o, u. Bibi yangu mzaa baba, ambaye sisi Wahaya tunamwita kaaka, alikuwa mwanafunzi mbaya kupindukia. Alisema herufi zote zinafanana kama sisimizi, na yeye hajawahi kumtambua sisimizi mmoja kwa jina. Kiswahili chake kilikuwa "hodi", "asante" na "uhuru na kazi". Zaidi ya hapo alinisukuma mbele mimi, Koku, wa darasa la nne, nimsemee.

Baba alikuwa mpakiaji mizigo bandarini Bukoba, akirudi nyumbani mwisho wa mwezi. Mama naye alikuwa ametoka kwenda huko huko Bukoba, kwa dada yake, ili Muta aachishwe ziwa. Ndivyo ilivyofanyika siku zile. Mtoto akishaanza kutembea na kumvuta mama yake nguo mbele za watu, mama huondoka juma zima, na mtoto hubaki kwa bibi mpaka asahau. Muta alikuwa na mwaka na nusu, na kusahau hakukuwa katika mipango yake. Siku mbili alisimama mlangoni akiiangalia njia ya kutokea kibanjani, shamba letu la migomba, akilia kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa.

Jioni ya siku ya tatu akaanza kutapika na kuhara.

Kaaka alijua la kufanya, au alidhani anajua, maana ndivyo alivyofundishwa na mama yake. Alimpondea majani machungu, akampaka tumboni, kisha akauondoa mtungi wa maji sebuleni na kuuficha nyuma ya pazia.

"Mtungi unaovuja hauongezewi maji," aliniambia. "Unauziba kwanza."

Ilikuwa na maana kabisa. Hata leo nikiisikia kichwani naona ina maana. Muta alinyoosha mkono kuelekea pazia lile akisema "ma, ma", na sikujua kama anaita maji au anamwita mama. Aliomba mpaka akaacha kuomba. Niwaambie ukweli wenzangu, nilipoona amenyamaza nilifurahi. Nilidhani ni nafuu.

Asubuhi macho yake yalikuwa yamezama kama ya mzee. Alilia, mdomo wazi, lakini mashavu yalibaki makavu. Kaaka alipitisha kidole chini ya jicho lake, akakitazama kile kidole, akakitazama tena. Kisha akavuta kanga, akamfunga mgongoni.

"Twende," alisema. Hakusema wapi.

Zahanati ilikuwa mwendo wa nusu saa, chumba kimoja ambacho wanakijiji walikifyatulia matofali wenyewe. Nesi aliitwa Zuhura, binti wa Tanga, na Kihaya alichokijua kilimtosha kusalimia tu. Alimlaza Muta juu ya meza, akaifinya ngozi ya tumbo lake na kuiachia. Ngozi haikurudi. Ilibaki imesimama kama mkunjo wa kitambaa.

"Amekunywa nini tangu jana?" aliniuliza.

Nikamuuliza Kaaka.

"Hakuna," alijibu Kaaka, kwa fahari ya mtu aliyetimiza wajibu. "Nimemziba."

Nikatafsiri. Nesi Zuhura akageuka. "Mwambie bibi yako kwamba anamuua huyu mtoto."

Jamani, mimi nilikuwa sijawahi kumwambia Kaaka hata kwamba ana masizi shavuni. Nikasema kwa Kihaya, "Nesi anasema mtoto ana kiu."

Kaaka akampa habari za mtungi. Nikazitafsiri. Nesi akamjibu taratibu kidogo, "Mtungi hauna damu, bibi. Huyu akishakauka, hakuna cha kuziba tena." Hilo nililitafsiri lilivyo.

Chupa za maji ya kutundika zilikuwa zimekwisha. Gari la kijiji lilikuwa limempeleka Bukoba mama mwenye uchungu wa kuzaa, lingerudi kesho. Sukari hapo zahanati haikuwapo. Basi nesi akapiga magoti mbele yangu mimi, si mbele ya Kaaka, akanikaririsha. Maji yaliyochemka na kupoa, ya kujaza chupa mbili kubwa za bia. Vijiko vidogo sita vya sukari. Nusu kijiko cha chumvi. "Onja. Yakiwa na chumvi kuliko machozi, mwaga uanze upya. Kijiko kimoja, pumzika dakika moja, kijiko kingine. Akitapika, subiri kidogo, kisha endelea polepole."

"Akikataa?" niliuliza.

"Atakataa. Wewe usikubali." Akatazama nje lilipo jua. "Akikojoa kabla jua halijazama, mshukuruni Mungu. Asipokojoa, mrudisheni hapa, mnigongee."

Njia nzima nilienda nikisema sita na nusu, sita na nusu, kama mtu aliyetumwa dukani.

Tulikoka moto. Kaaka alitoa kopo la sukari alilolihifadhi kwa ajili ya padri, endapo siku moja padri angekosea njia na kuingia kwetu. Kijiko kiliniteleza, chumvi ikamwagika kupita kiasi. Nikaonja: chumvi tupu. Nikamwaga yote, na kopo likabaki na sukari ya kutengeneza mara moja tu.

Mara ya pili yalikuwa kama machozi. Lakini Muta alikaza meno. Kijiko cha kwanza kilimtiririka shingoni. Cha pili alikitema. Nikajaribu kikombe, akakipiga kwa mkono ambao hata nguvu haukuwa nazo. Nikambana pua ili afungue mdomo; akapaliwa, uso ukabadilika rangi, Kaaka akanipiga kofi mkononi na kumwinua. Aliyekuwa akiomba maji usiku kucha sasa hakuyataka. Aligeuza uso ukutani. Mnajua ilivyo mtoto anapogeuza uso ukutani? Nilianza kulia mimi, na yangu machozi yalikuwa tele.

Kaaka akakaa chini. Kwa mazoea tu, mkono wake ukavuta kibuyu chake kidogo, kile cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, chenye mrija wa unyasi uliotokeza mdomoni. Hakunywa. Alikishika tu. Na hapo nikaona macho ya Muta yakikifuata. Tangu alipojua kutambaa, kibuyu kile kilikuwa kitu pekee ndani ya nyumba alichokatazwa kabisa kukigusa.

Kaaka naye aliona. Alitoka nje akamwaga rubisi yote chini ya mgomba, rubisi nzuri ya siku mbili, akakisuuza kibuyu na mrija kwa maji yanayotokota, akakijaza maji yetu. Akakisogeza karibu na mtoto, akakirudisha nyuma, kama anayemnyima. Muta akafungua mdomo.

Lakini kuvuta hakuweza. Midomo ilishika mrija, ikalegea. Ndipo nilipofanya lile ambalo watoto wote tulilifanya tukichezea mabua kisimani: nikauzamisha mrija, nikaziba juu kwa kidole, nikaupeleka ndani ya shavu lake, nikaachia. Koo likapanda, likashuka. Nilisikia amemeza.

Saa hatukuwa nayo. "Dakika ni nini?" aliuliza Kaaka. Sikujua kumweleza. Akaivua rozari shingoni. "Salamu Maria moja, mrija mmoja," alisema.

Hivyo ndivyo tulivyokwenda. Yeye akisali, mimi nikizamisha. Kabla hatujamaliza fungu la kwanza, zile shanga kumi, Muta alitapika yote. Nilimtazama Kaaka nikitumaini atasema basi. Alifuta mdomo wa mtoto, akangoja, akarudi kwenye shanga ya kwanza. "Tunaanza upya." Rozari ya kwanza ikaisha. Katikati ya ya pili Muta alisinzia, nami mkono umekufa ganzi, nikasema tumwache alale.

"Hapana!" Sauti yake ilinishtua. "Usimwache. Mpe. Mpe!" Na uso wake ulikuwa umelowa. Nilidhani ni moshi.

Vivuli vya migomba vilikuwa vimerefuka mpaka mlangoni. Rozari ya tatu, fungu la nne, Muta aliung'ata mrija, akanisukuma mkono, akavuta mwenyewe. Alivuta hivyo hivyo, kwa hasira, huku akinikazia macho. Na kabla Kaaka hajafika mwisho, nikasikia joto likisambaa mapajani mwangu, likilowesha sketi yangu pekee ya shule.

"Amekojoa!" nilipiga kelele. "Kaaka, amekojoa!" Kaaka akaweka kiganja chake juu ya sketi, akakinusa ili apate uhakika, kisha akacheka huku ameziba mdomo, kama msichana.

Asubuhi nesi Zuhura alikuja kwa miguu. Alifinya ngozi ya Muta, ikarudi mahali pake. Alipoona kibuyu aliuliza kama tunamlea mtoto kwa pombe. Mchana ule mama, aliyekwisha pelekewa habari na dereva wa lori la kahawa, angefika mbio, na Muta angelidai ziwa lake na kupewa, wala hakuna ambaye angethubutu kumwachisha mpaka mwaka uliofuata. Lakini kabla ya hapo Kaaka alimsindikiza nesi mpaka mwisho wa kibanja, akamshika mkono, akaniambia nitafsiri.

"Muulize. Watoto wangu watatu walikwenda hivi hivi. Waliomba maji nikawanyima. Kama ningewapa?"

Nilitafsiri kama ambavyo ningetafsiri salamu. Nesi alikaa kimya muda mrefu, akitazama migomba.

"Mwambie hapana," alisema mwishowe. "Mwambie wale walikuwa na ugonjwa mwingine. Maji yasingewasaidia."

Nilifurahi kubeba habari njema. Kaaka alinisikiliza, lakini alikuwa akimtazama nesi. "Mwambie asante," alisema. "Mwambie ana moyo mzuri."

Ilinichukua miaka mingi, na watoto wangu mwenyewe wawili, kuelewa nilichokibeba asubuhi ile. Nesi hakuwa hata amezaliwa watoto wale walipozikwa. Angejuaje ugonjwa wao? Na Kaaka, ambaye hakujua Kiswahili, alikuwa ameshapata jibu lake katika ule ukimya, kabla sijafungua mdomo.

Tangu hapo, popote Izigo aliposikia mtoto anahara, alikwenda bila kuitwa. Alikaa chini na kumnywesha mpaka akojoe, na mama aliyeficha mtungi alifokewa bila huruma. Mimi nilidhani anapenda sifa. Siku moja jirani mmoja, akiwa bado anapangusa machozi ya furaha, alimuuliza, "Kaaka, haya ulifundishwa na nani?"

"Na watoto," alijibu.

Nikajivuna nikiwa nimesimama pale kando yake, nikidhani anatusema mimi na Muta.