Wapangaji wa Athens

Jumapili baada ya kanisa, sisi wapangaji tulikusanyika uani kwa plot yetu hapa Kawangware 56. Keateka wa plot alikuwa ameacha kazi, akarudi kwao Kitui, akatuachia ufunguo wa mfereji, na hatukuelewana nani aushike. Tulikuwa tumechoka kununua maji nje ilhali mfereji uko mlangoni, umefungwa kufuli.

Jirani yetu, mwalimu wa historia, akatoa wazo. "Athens ya zamani walikuwa wanapeana kazi nyingi za serikali kwa bahati nasibu. Hakuna kampeni, hakuna hongo."

Tukakunja vikaratasi, tukavitia kwa sufuria. Bahati ikamwangukia mama muuza mboga. Alipopewa ufunguo alicheka mpaka akashika kiuno.

Hajamaliza kucheka, landilodi akaingia. Akaangalia sufuria. "Nani amewaambia hii plot ni ya kura?" Akautoa ufunguo mkononi mwa yule mama, polepole, akampa binamu yake.

Alipoenda, mama akamgeukia mwalimu. "Mwalimu, huko Athens, wapangaji pia walikuwa na kura?"

Mwalimu akavua miwani, akaifuta. "Hapana. Wageni waliishi pale na kulipa kodi, lakini hawakuruhusiwa kupiga kura wala kumiliki ardhi. Wanawake pia hawakuwa na kura."

"Sasa si ungetuambia mapema?" Akachukua mtungi wake, akaenda kununua maji.

Tangu shuleni naambiwa demokrasia ilizaliwa Ugiriki. Hakuna aliyeniambia ilizaliwa kwa malandilodi.