Mshairi wa Makaburi na Karani Wake

Wiki iliyopita mnunuzi mmoja wa ufuta alipitia kwangu akitoka Ruangwa. Alikunywa chai, akasimulia habari za bei na mvua, na alipokuwa akiaga ndipo alipokumbuka kuniambia kwamba yule mshairi wa makaburi amefariki. Wamemzika kijijini kwao Matambarale, ubavuni mwa mkewe, kama alivyokuwa akiomba tangu ujana. Ninyi wasomaji wangu mmezoea kuniona nikiwakaripia wengine. Leo naona haya, na sina wa kumkaripia ila mimi mwenyewe.

Nilimjua miaka ile matrekta ya Waingereza yalipokuwa yakiung'oa msitu wa Nachingwea ili walime karanga. Mimi nilikuwa karani wa stoo, yeye alifuata matrekta na shoka akikata mizizi. Kiswahili alikuwa amekiokota kambini, juu ya Kimwera chake, na kalamu hakuijua. Lakini mashairi yalimtoka kichwani yametimia vina na mizani, nami nikayaandika kwa mwandiko safi na kuyapeleka gazetini. Yote yalimhusu mkewe aliyekufa kwa uzazi, na yalitisha. Alikuwa akimpigia hodi kaburini:

Fungua mke fungua, kaburi lina nafasi,
Udongo nitafukua, kwa mikono ya upesi.

Watu wa kambini walisema arobaini imekwisha pita zamani, huyu anataka nini tena? Hata mimi niliuliza hivyo, huku nikipokea sifa za mwandiko wangu.

Siku moja, ameketi juu ya gunia la mbegu, aliniambia kwamba mkewe aliomba maji mpaka akakata roho, naye alimnyima kwa sababu wakunga walisema maji yatamuua. Tangu hapo, kila mwisho wa mwezi alikwenda kwao na kibuyu cha maji, akayamwaga kaburini taratibu.

"Hili usiliandike, Bwana Karani," alisema. "Hili nimekupa wewe tu."

Sasa, mnaijua desturi yetu. Shairi likitoka gazetini hakosi mtu wa kulijibu, na mwenye kejeli kali ndiye anayekumbukwa. Nilitaka kukumbukwa. Nikajibu kwa jina la kubuni: "Tafuta mwingine hai, mfu hapiki ugali." Ningeishia hapo ningekuwa mpumbavu tu. Lakini ubeti wa mwisho ulipwaya, nikatia kile kibuyu. Nikamshauri maji yake akamwagie mihogo, huenda ikaota. Kambi nzima ilicheka, na mimi nikacheka nao.

Alikuja stoo na gazeti mkononi, akaniomba nimsomee. Nilisoma. Nilipofika kwenye kibuyu alinisimamisha.

"Soma tena hapo," alisema.

Nikasoma tena.

"Nikuandikie jibu?" nilimwuliza, kwa uso mkavu.

"Nimjibu kitu gani, Bwana Karani? Mtu huyo anajua kila kitu."

Alilikunja gazeti, akanirudishia, akanishukuru kwa kumsomea. Hakuniletea shairi tena, na mimi sikuthubutu kumwuliza sababu.

Baadaye karanga zilishindikana na matrekta yakaondolewa. Hasara ya mashamba ilisemwa sana. Sijasikia mtu akitaja hasara tuliyoileta sisi makarani. Watu wasiojua kusoma walitukabidhi posa zao, talaka zao na misiba yao tuwaandikie, tukajiona wajuzi kumbe tulikuwa tumewekewa amana tu. Wahenga hawakukosea waliposema kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa na miaka mingi ya kwenda Matambarale kumwomba radhi, na safari yenyewe si ndefu. Nilijidanganya kwamba hajui ni mimi.

Nilimwuliza yule mnunuzi wa ufuta kama marehemu aliacha kutunga. Alinishangaa. Alisema mzee alitunga mpaka wiki aliyokufa, na majirani walikuwa wakimsikia. Mwalimu wa shule alimwendea mara mbili na daftari, akamsihi akubali kuandikiwa, na mara zote mbili alijibiwa kwa adabu kwamba karatasi haina siri.

Basi ninyi mlioshika kalamu, chungeni mnachoambiwa na mtu asiyeweza kujiandikia. Mimi nilitaka ubeti wangu mmoja ukumbukwe, na leo hakuna anayeukumbuka. Mashairi yake yote, mazuri kuliko chochote nilichowahi kuandika, ameingia nayo ardhini, na aliyemfanya aikimbie karatasi ni mimi.