Bonde Lilikuwa Kushoto

"Hivi huyu wifi yako," jirani yangu aliniuliza siku moja tukianika nguo, "mtu ameikata nchi nzima kwa treni mpaka akastaafu, mbona hana hata hadithi moja ya njiani?"

Nilimjibu kwamba wengine Mungu aliwaumba wasiri. Akacheka, akasema usiri wa namna hiyo ni wa kufungia bohari. Hakusema kwa ubaya. Wifi yangu, dada wa mume wangu, ni mpole lakini si bubu. Atakueleza sabuni ipi inatoa doa la chai kwenye shuka, na jinsi abiria mlevi anavyolazwa bila kuaibishwa mbele ya watoto wake. Ila ukimuuliza habari za milima na mito, anainuka kwenda kuangalia sufuria jikoni, hata kama jiko limezimwa.

Alikuwa mhudumu wa mabehewa ya kulala. Jioni alitandika vitanda, asubuhi alivitandua, na kabla ya stesheni ya mwisho kila shuka na foronya ilitakiwa iwe imefungwa kwenye mafurushi. Mtunza bohari aliwasubiri pale jukwaani mikono nyuma. Foronya ikipotea, huyo bwana alihuzunika kama amefiwa, na hakuna mhudumu aliyekwenda nyumbani mpaka ipatikane.

Shida ilikuwa abiria. Mtu akishalala kwenye treni hataki kuamka. Lakini asubuhi ya mwisho treni ilipita juu ya bonde kubwa, na bonde hilo ndilo lililowafanya wengine watoke mbali kuja kupanda treni ile. Reli imechongwa ubavuni mwa mlima. Upande wa kushoto ni bonde, upande wa kulia ni ukuta wa mwamba, karibu kiasi kwamba ukitoa mkono dirishani unarudi bila ngozi. Vyumba vya kulala vilikuwa upande wa mwamba, ujia ulikuwa upande wa bonde. Basi wahudumu walikuwa na ujanja wao. Treni ikipiga honi ya kuingia mlimani, mhudumu anapita akigonga milango na kuita, "Kushoto! Kushoto jamani, bonde!" Watu wanaruka na nguo zao za kulalia, wanajipanga kwenye madirisha ya ujia. Huku nyuma mhudumu anaingia chumba hadi chumba, anavua vitanda mbio mbio. Bonde likiisha, vitanda vimekwisha kuwa viti, na abiria wanarudi kukaa wakishukuru.

Wifi yangu alikuwa na sauti ya kuita, mpaka wenzake wakamwita Mama Kushoto. Na safari ya kurudi treni ilipita hapo usiku. Sasa ndugu msomaji umeshaelewa. Mtu huyu aliwaita watu bondeni ujana wake wote, na yeye alichokiona ni mwamba.

Aliwahi kujaribu, mara moja. Alisimama kwenye ujia na shuka mkononi, akanyoosha shingo nyuma ya migongo ya watu. Bwana mmoja akageuka akamwambia, "Dada, si unaliona kila wiki? Tupishe na sisi." Akapisha. Tangu hapo hakujaribu tena.

Alikuwa na mtoto mmoja, wa kiume, aliyemlea peke yake. Kijana alipokuwa shule ya msingi alimuuliza mama yake bonde likoje. Mama akamwambia yale aliyokuwa akiyasikia abiria wakisema: mto uko chini kama uzi, ukungu unapanda kama maziwa yanayochemka, ndege wanaruka chini yako badala ya juu. Mtoto akaenda kutamba kwa wenzake. Mama hakuwa na moyo wa kumwambia kwamba maneno yale ni ya kuazima.

Alipostaafu walimpa saa ya ukutani. Muda si mrefu macho yakaanza kumsumbua, akawa haoni hata mishale ya hiyo saa. Mimi ndiye niliyempeleka kwa daktari. Akaambiwa ni presha ya macho. Jicho la kulia limekwisha kwenda, la kushoto linaona kidogo katikati, nalo litafunga, na kinachopotea hakirudi. Tuliketi kwenye benchi nje ya chumba cha daktari, machozi ya dawa yakimtiririka, ndipo akanieleza habari hii yote niliyoiandika hapa. Alisema kuna kitu kimoja tu anataka kabla giza halijaingia: alione bonde. Nikamwambia tumwite mwanawe tumweleze.

"Mwambie mama yake anataka kupanda treni, basi," alisema. "Mengine usimwambie. Nilimdanganya akiwa mdogo, wifi, na alinisadiki."

Nikamwambia kijana hivyo hivyo. Siku hizo treni ya kawaida ilikuwa imeondolewa, imeletwa ya watalii yenye behewa la vioo na nauli nisiyoiweza mimi, na mtu wa macho yale hawezi kujipeleka. Kijana akasema sawa, mama asubiri likizo. Likizo ilipokuja, mkewe akasema treni inachosha, wakaenda kwa ndege mahali pengine. Mwaka uliofuata ilikuwa nyumba inaezekwa. Kisha akamwambia mama yake kwenye simu, akicheka, "Mama na wewe, maisha yote kwenye treni hujatosheka tu? Wenzako wakistaafu wanaichukia kazi." Mama akacheka naye. Mimi nilikuwa namwombea jicho lile moja kila asubuhi. Nasema bila hasira, maana hasira nimekwisha kumkabidhi Mungu, ingawa naona hajaipokea yote.

Mwishowe safari ikapatikana, kwa kuwa mama mkwe wa kijana alikuja kutembea na ilibidi atembezwe. Tukaenda wote. Nilimkalisha wifi dirishani, upande wa kushoto. Siku ile jicho lake lilikuwa limebakiwa na tundu tu, kama la sindano ya kushonea magunia. Alikipangusa kioo kwa kanga yake, ingawa kilikuwa safi. Alikuwa amevaa viatu vya kwendea ibadani.

Honi ikalia. Mama mkwe, mwanamke mcheshi, alikuwa amekaa upande wa mwamba, akaanza kulalamika kwamba kwake haoni kitu ila jiwe. Kijana akainuka haraka, na heshima zake zote za ukweni.

"Mama, hebu mpishe mkwe wako hapo," alisema. "Wewe umeliona maisha yako yote. Mhadithie basi, si unajua kila kona?"

Nilifungua mdomo. Wifi akanibana goti chini ya meza, kwa nguvu ambayo sikujua anayo. Akainuka akisema karibu mkwe wangu, hapa ndipo penyewe, akapapasa viti mpaka akafika upande wa pili, nami nikamfuata nikakaa naye. Mwamba ulikuwa ukipita kasi dirishani. Kule kwingine familia yote ilikuwa imesimama kiooni, simu juu, mjukuu kabebwa mabegani. Mama mkwe alikuwa akimtukuza Muumba kwa sauti. Hakuna aliyegeuka.

Wifi alikaa mikono mapajani. Nikamuuliza kwa sauti ya chini kama niende nimwambie mwanawe sasa hivi, kabla bonde halijaisha. Akatikisa kichwa. Kisha akaniinamia sikioni.

"Wifi, nenda ukaangalie wewe, halafu uje uniambie. Polepole, usiruke kitu."