Niliacha taa ya ukungu ya nyuma ikiwaka, lawama akabeba baba mdogo

Wakuu, heshima kwenu. Hii imetokea Jumamosi iliyopita na mpaka sasa nikiikumbuka naona aibu hata nikiwa peke yangu. Naisimulia kama ilivyokuwa.

Tulikuwa tunaenda kumposea mdogo wangu mchumba, kutoka Rugu huku Karagwe kwenda Isingiro, Kyerwa. Mimi mbele na gari langu used nililonunua juzijuzi, nimembeba mshenga. Nyuma yangu baba mdogo na pikapu yake, kabeba wazee na madumu ya rubisi. Ile pombe ya ndizi, huku kwetu huendi ukweni bila hiyo.

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito, hata migomba ya kando ya barabara huioni. Nikawasha fog lights za mbele na ile nyekundu ya nyuma. Hapo nilikuwa sahihi. Ya nyuma kazi yake ni hiyo, anayekufuata akuone mapema.

Tulipopanda kilima jua likatoka, kweupe kabisa.

Za mbele niliziacha makusudi, nilitaka ukweni waone gari linavyowaka. Ushamba tu. Ya nyuma niliisahau.

Karibu na Isingiro mbuzi wakakatiza. Nikashika breki.

Puu! Baba mdogo huyo kwenye bampa yangu.

Hakuna aliyeumia, Mungu mkubwa. Ila madumu yalipasuka na kanzu za wazee zikalowa rubisi. Mshenga akashuka anafoka, "Mzee, macho yako yamekwisha! Breki zote hizo hukuziona?"

Baba mdogo akajibu kwa upole, "Sikuona. Niliona taa nyekundu ileile tu."

Tukaingia ukweni tunanuka kama kilabu, mikono mitupu. Uani baba mdogo akanifuata na funguo zake. "Shika, mwanangu. Mimi siendeshi tena."

Nikazipokea. Nikarudi kuzima gari langu, ndipo nikaona kitaa cha njano kwenye dashibodi. Fog ya nyuma! Ilikuwa inawaka kwa ukali uleule wa taa za breki, angejuaje kwamba nimesimama?

Wakuu, nikaizima haraka kabla mtu hajaona. Hapo ndipo aibu yangu ilipo.

Ndani mshenga akawaomba radhi wenyeji: mzee wetu macho hayamsaidii tena. Baba mdogo kainamia kanzu yake iliyolowa. Nikashindwa kuvumilia. Nikasimama mbele ya wakwe, nikasema kosa ni langu na nikaeleza ile taa.

Baba wa binti akanitazama weee. "Binti tutawapa. Ila siku ya harusi, wewe usimwendeshe bibi harusi."

Wote wakacheka, isipokuwa baba mdogo. Alinyoosha mkono tu. "Funguo zangu."

Wakati wa kurudi alikataa kunifuata nyuma. Akatangulia yeye.

Somo nililopata: fog lights ni za ukungu, au mvua kubwa ambayo huoni mbele. Kukishakuwa kweupe zima zote. Za mbele zinamuumiza macho unayepishana naye, ya nyuma inaficha breki zako. Siyo pambo.

Haya, nisemeni mnavyotaka, nastahili. Ila mwenye gari aseme ukweli kwanza: kitaa chako cha njano unakijua kiko wapi?