Fundi Aliyeitwa Pua

Kiwandani kwetu hakuna aliyemwita fundi wa mitambo ya baridi kwa jina lake. Tulimwita Pua, naye alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi. Mfupi, shingo nene, maneno mengi, na alilijua kila bomba la amonia, ile gesi ya kugandishia, kuanzia kwenye kompresa inayoisukuma mpaka chumba cha mwisho tunakogandishia samaki. Gesi ikivuja kidogo tu, kiasi ambacho sisi wengine tungedhani mtu kamwaga dawa ya choo, yeye ameshainua kidevu na anaielekea valvu yenyewe. Mafundi wenzake walikuwa na karatasi za kupimia, zile zinazobadilika rangi zikikutana na gesi. Aliwacheka mpaka wakaona haya kuzitoa mfukoni. "Karatasi ni za watoto wa shule," alisema. "Fundi ananusa."

Mimi napanga samaki kwenye masanduku. Tangu nianze kazi nimesimama foleni moja na mke wake, Mama Pacha, yeye wa kwanza kabisa, mimi nyuma yake, kwa hiyo mambo ya nyumba ile nayajua kuliko inavyonipasa.

Tulikuwa na utaratibu wetu. Mafundi wakishafungua bomba chumbani, sisi hatuingii mpaka Pua aingie kwanza peke yake. Anatembea, ananusa, anarudi mlangoni, anainua mkono. Mkono ukipanda tunaingia, mlango mzito unafungwa nyuma yetu, na feni zinawashwa. Feni zile zikikuta gesi ndani zinakumwagia usoni kabla hujakumbuka komeo liko wapi. Kengele ya gesi ilikuwepo ukutani, ila ilikuwa ikilia hata mtu akideki, msimamizi akaamuru izimwe mpaka aje wa kuitengeneza. Tukabaki na pua ya shemeji, ndivyo tulivyomwita mume wa mwenzetu. Upumbavu mtupu, nasema sasa, lakini siku zile tulijivunia.

Halafu Pua akaugua mafua mabaya. Akapona, akarudi na utani wake uleule, na mkono ukaendelea kupanda kama kawaida.

Aliyegundua ni mkewe. Mama Pacha alikuwa ametoka kuanua nguo. Aliporudi jikoni alipigwa na harufu ya gesi tangu mlangoni: upepo ulikuwa umezima jiko, na mumewe amesimama palepale, njiti mkononi, anataka kuliwasha. Akamrukia, akampokonya kiberiti, akafungua madirisha yote.

"Baba Pacha, hunusi?"

"Nanusa. Kidogo."

Akamletea kitunguu kilichokatwa, akamwambia afumbe macho. Akamletea mafuta ya taa. Yule bwana akabahatisha, akakosea vyote viwili, kisha akaona hakuna pa kukimbilia. Alikuwa hanusi kitu tangu mafua yale.

"Kesho umwambie msimamizi," mkewe alisema.

"Nitamwambia."

"Niapie."

"Mama Pacha, nimesema nitamwambia. Unataka niandike barua?"

Kesho yake asubuhi Pua alipita mbele ya ofisi ya msimamizi, akamsalimia, wakacheka kuhusu mpira, akapita zake. Mama Pacha alimfuata kwa macho. Alininong'oneza yote pale pale foleni, haraka haraka, mdomo umeshikamana na sikio langu. Nilitaka kukimbia. Siku iliyotangulia mafundi walikuwa wamebadilisha pakingi, kile kizibo cha kuzuia valvu isivuje, nyuma kabisa ya chumba cha tatu, na chumba cha tatu ndicho tulichokuwa tukisubiri kuingia.

"Atatumia karatasi," alisema Mama Pacha, lakini hakuniangalia. "Si mjinga kiasi hicho."

Pua akaingia. Mikono mitupu. Sisi nje tumebana makoti, wenzetu wanataniana, mmoja anamwambia mwingine aache kumkanyaga. Mimi sikusikia hata nusu. Masikio yote yalikuwa kwenye nyayo zake. Zikaenda, zikasimama, zikarudi. Akatokea mlangoni na tabasamu lake, akatupa jicho kwa mkewe mara moja, akainua mkono.

Foleni ikasogea. Mama Pacha akajigeuza, akatuzuia kwa mikono yote miwili.

"Ngojeni! Jana niliacha glavu zangu humu. Nitangulie nizichukue, msije mkanikanyagia."

"Nenda basi, mama wa glavu," mtu akasema, na watu wakacheka.

Akaingia peke yake. Nilishika mlango kwa nguvu zangu zote usije ukajifunga. Nilimwona akipita katikati ya masanduku, polepole, kiganja karibu na mdomo, mpaka akapotea nyuma ya rundo. Halafu kikohozi kibaya, kile cha mtu anayenyimwa hewa, na sauti yake: "Gesi! Tokeni! Gesi!"

Akatoka akikimbia, macho ameyafumba, anapapasa ukuta. Nikamvuta, tukakimbia wote kuelekea upande unakotokea upepo, kama tulivyofundishwa. Pua na mwenzake wakavaa barakoa na mitungi ya hewa, wakaingia, wakafunga valvu za kuleta amonia kwenye chumba kile. Sitamdhulumu haki yake: hakusita, na mikono yake ilijua pa kwenda.

Nilimwoshea Mama Pacha macho bombani, maji tele, mpaka akaweza kuyafungua. Huku nyuma sifa zilishaanza. Pua alikuwa amemwambia msimamizi kwamba pakingi iliachia baada ya yeye kutoka, na nani angembishia? "Bila shemeji tungelala humo leo," walisema wanawake. Msimamizi alimpigapiga begani.

Pua alipokuja bombani kumtazama mkewe, mimi sikuondoka.

"Ulijua mimi ndiye naingia wa kwanza," Mama Pacha alisema.

"Nilijua."

"Na ukainua mkono."

"Ndiyo maana niliinua." Alisema kwa upole, kama mtu anayemsifu mkewe mbele ya wageni. "Wewe pua yako nzima. Nilijua kama kuna kitu utakinusa kabla ya wenzako, utapiga kelele. Nilikutegemea wewe."

Mama Pacha alisimama, maji yakimchuruzika shingoni. Macho yalikuwa mekundu kwa gesi, kwa hiyo siwezi kusema kama alilia. Akajifuta kwa kanga yake, akavuka ua mpaka pale walipokuwa wakisifu, na Pua nyuma yake akiita, "Mama Pacha, tuongee nyumbani. Mama Pacha!"

"Fundi wako hanusi," alimwambia msimamizi. "Tangu alipougua. Leo amepima chumba kwa mapafu yangu."

Msimamizi alitaka kucheka. Akamgeukia Pua. "Anasema nini huyu?"

Pua akamtazama mkewe, akingoja apunguze makali.

"Mjibu," mkewe alisema.

"Ni kweli."

Wanawake wale wakatazamana, kisha nikaona midomo ikianza kucheza na vidole kukunjwa, kila mmoja akihesabu ni mara ngapi, tangu mafua yale, ameuona mkono ule ukipanda akaingia. Mimi nikahesabu zangu. Sikufika mwisho, nikakaa chini pale pale kwenye sakafu yenye maji.